Tunampima Mbwa Wetu Sukari, Acha Waseme

Kwanza niseme wazi kabla hamjaanza kunicheka: ndiyo, nyumbani kwetu Mwamkulu tunampima mbwa sukari. Tunatumia mashine za aina ileile wanayopimiwa watu na stripu zilezile, na anachomwa insulini mara mbili kwa siku kama mgonjwa yeyote wa kliniki. Najua kuna wadau mshaanza kusema "watu wana hela za kuchezea". Hela hatuna. Mama analima mpunga, mimi nasuka nywele. Tulieni niwape stori nzima, maana humu ndani kuna mbwa, kuna mama yangu, na kuna mtu mmoja maarufu hapa Mpanda ambaye jina lake linabaki kapuni mpaka mwisho. Msihangaike kuskroli kulitafuta.

ANAITWA WATASEMA

Kwa wasiojua, Mwamkulu ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Kwenye karatasi tuko mjini. Ukishuka kwenye bodaboda unakutana na majaruba ya mpunga, ng'ombe na vumbi. Mtu wa Dar akisikia Katavi anawaza viboko na simba wa hifadhini. Sisi huku tunawaza mvua, mbolea na bei ya mchele. Mimi nilikuwa Sinza, nasuka saluni. Nilirudi miaka mitatu iliyopita baada ya mama kukutwa na kisukari na kuambiwa anahitaji mtu wa kumkumbusha dawa, chakula na kupima. Nikanunua mashine, nikajifunza kutoboa kidole, maisha yakaendelea.

Mbwa nilimkuta. Ni jike, rangi ya udongo, mkia umepinda kama mpini wa mwavuli. Huku kwetu kuna watu wanawapa mbwa majina ya kufikishia ujumbe. Ukigombana na jirani humtukani, unamwita mbwa wako kwa sauti jirani akiwa anapita. Nimewahi kumsikia Yatakwisha, nimemsikia Hayawahusu. Wa kwetu anaitwa Watasema. Mama alimpa hilo jina mwaka aliofariki baba, watu walipoanza kunong'ona kwamba mjane hataweza shamba, atauza tu. Shamba halikuuzwa. Mbwa akabaki na jina lake, na mama akabaki na tabia ya kumwita kwa sauti kubwa kila akipita mtu fulani.

ALIVYOANZA KUUMWA

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa kuvuna. Watasema alianza kunywa maji kwa namna ambayo si ya kawaida. Beseni la kuku anamaliza, ndoo ya kuoshea vyombo anaingiza kichwa, na akitoka hapo anaenda kunywa mfereji wa shambani. Usiku anakwaruza mlango atoke kukojoa mara nne, mara tano. Mbwa ambaye hajawahi kuchafua baraza alianza kukojoa palepale alipolala, halafu anaangalia pembeni kwa aibu. Wakati huohuo anakula kuliko zamani. Ugali anamaliza, ukoko wa wali anamaliza, na bado mbavu zinahesabika.

Watu wakasema, si ndiyo jina lake. Wa kwanza alisema kapewa sumu kidogokidogo na wezi wa mpunga. Wa pili akasema ni minyoo. Tulishampa dawa ya minyoo na hali haikubadilika. Wa tatu, mama mmoja wa jirani ambaye huwa hana breki, alisema mbwa amebeba kitu alichotupiwa mama, kwa hiyo mama ashukuru na amwache afe.

Mimi nilikuwa naangalia sisimizi. Asubuhi moja nilikuta mstari mrefu wa sisimizi umenyooka kutoka ukutani mpaka pale barazani alipokojoa, wamejaa wanagombania. Wazee wa zamani, hata waganga wa India karne nyingi kabla ya maabara, walitambua ugonjwa huu kwa jinsi sisimizi wanavyofuata mkojo wa mgonjwa. Kiu, mkojo, njaa, kukonda: hiyo orodha ilikuwa imebandikwa ukutani kwetu, kwenye karatasi mama aliyopewa kliniki. Nilimwambia, "Mama, huyu ana ugonjwa wako." Mama akacheka sana. Akaacha kucheka. Akasema, "Mwite dokta wa mifugo."

27.4

Dokta alikuja na pikipiki kutoka mjini. Kijana mstaarabu, anavaa buti za mvua hata kiangazi. Alimwangalia Watasema macho, fizi, tumbo, akauliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa mimi hospitalini. Halafu akaomba mashine yetu ya sukari, akamtoboa kidogo upande wa ndani wa sikio.

27.4.

Kwa mbwa mzima, kabla hajala, unategemea namba ya 4 hadi 6 na kitu hivi, haiko mbali sana na ya binadamu. Dokta akarudia, ikaja 26.9. Akapima na mkojo kwa karatasi ya rangi, sukari imejaa. Akatuambia jambo la kushangaza zaidi: mashine za binadamu mara nyingi husoma damu ya mbwa chini ya ukweli. Sukari kwenye damu ya mbwa imegawanyika tofauti, sehemu kubwa zaidi iko kwenye majimaji ya damu na kidogo ndiyo imo ndani ya chembe nyekundu, na mashine yetu imetengenezwa kwa hesabu ya damu ya mtu. Nchi nyingine wanauza mashine za mbwa na paka kabisa. Sisi tungetumia tuliyonayo, ila tuangalie mwelekeo wa namba, kama zinapanda au zinashuka, tusiishikilie namba moja kama Msahafu.

Kwa nini mbwa wa kijijini apate kisukari? Nilidhani ni ukoko wa wali. Dokta akasema chakula kina mchango wake, lakini mbwa wengi wenye ugonjwa huu kongosho lao limeshindwa kutoa insulini, na vidonge anavyomeza mama havingemsaidia. Halafu akauliza, "Mara ya mwisho alikuwa kwenye joto lini?" Miezi miwili nyuma. Hapo akatikisa kichwa. Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi, baada ya kila joto mwili wake unajaa homoni inayofanya insulini ishindwe kazi. Wengine ndipo kisukari kinapofumuka. Kwa hiyo matibabu ni mawili: insulini kila siku, na akishatulia, afungwe kizazi. Alipiga simu kwa mwalimu wake wa zamani SUA, Morogoro, wakajadiliana dozi. Dozi yenyewe siandiki hapa, makusudi. Kila mbwa ana yake, na ukikosea unamuua.

INSULINI YA MTU KWA MBWA?

Hapa ndipo maneno yalipoanza rasmi. Nilipoenda mjini na cheti cha dokta, muuzaji wa duka moja la dawa alisoma, akaniangalia, akamwita mwenzake wasome wote. "Dada, hii ni ya mbwa?" Nikasema ndiyo. Walicheka mpaka foleni nzima ikajua. Jioni ile stori ilishafika Mwamkulu kabla yangu.

Sasa hao waliocheka wangejua insulini ilitoka wapi, sidhani kama wangecheka kwa sauti ile. Mwaka 1889, mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo uko Ufaransa, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho ili waone litakavyoathiri mmeng'enyo. Mbwa yule akaanza kukojoa hovyo sakafuni ingawa alikuwa amefundishwa. Walipopima mkojo wakakuta sukari. Hapo ndipo dunia ilipopata ushahidi kwamba siri ya kisukari iko kwenye kongosho.

Mwaka 1921, Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best wakaendelea, tena na mbwa. Wanatoa kongosho la mmoja, wanakamua kitu kutoka kongosho la mwingine, wanamchoma yule mgonjwa, wanapima sukari. Mbwa mmoja wao aliitwa Marjorie, aliishi siku 70 hivi bila kongosho kwa sababu ya sindano hizo. Tarehe 11 Januari 1922 wakamchoma mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakaribia kufa. Dawa ya kwanza ilikuwa chafu, haikumsaidia sana. James Collip akaisafisha vizuri, wakamchoma tena tarehe 23, sukari ikashuka. Kijana yule akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo tiba kubwa waliyokuwa nayo watoto kama yeye ilikuwa kunyimwa chakula ili wasife haraka.

Kwa hiyo kila anayechoma insulini leo, hapa Katavi au Kariakoo, anachoma kitu kilichopatikana kwa damu ya mbwa ambao wengi hata majina hawakupewa. Nilimsomea mama haya kwenye simu. Alimwangalia Watasema muda mrefu, akasema, "Kumbe wewe ndiyo unanidai."

TUNAVYOMPIMA

Wengi mmeniuliza inbox mbwa anakubalije. Mbwa anakubali kuliko mama, huo ndio ukweli.

Ratiba ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, namkanda sikio mpaka lipate joto, damu ishuke. Nakausha vizuri, maana tone la maji likichanganyika na damu namba inadanganya. Napaka mafuta ya mgando kidogo sana, kama kivuli tu, ili damu isimame kama shanga isisambae kwenye manyoya. Kisindano kipya kila siku. Natoboa ukingoni upande wa ndani, stripu ikishaingia kwenye mashine naigusisha na tone, yenyewe inanyonya. Sekunde tano. Halafu pamba, nabana mpaka damu ikatike, anapewa dagaa mmoja mkavu wa Ikola. Siku hizi akisikia kopo la stripu linafunguliwa anakuja mwenyewe, analaza kichwa mapajani kwangu, analeta sikio. Sikio likichoka, tunatumia upande wa ndani wa mdomo wa juu. Mbwa wengine wanatobolewa kwenye lile gamba la kiwiko wanacholalia.

Anakula kwanza, ndipo anachomwa. Kipimo kilekile cha ugali, dagaa na maharage yaliyochemshwa bila chumvi, saa zilezile. Ukoko wa wali umepigwa marufuku, na amri hiyo ilimuuma kuliko sindano. Insulini yake ni ile ya ukungu, unaiviringisha viganjani taratibu, huitikisi. Unavuta ngozi ya mgongoni iwe kama hema, unachoma, basi. Siku nyingi hata hageuki.

Friji hatuna. Chupa inakaa ndani ya kikopo, kikopo ndani ya mtungi mdogo, mtungi ndani ya mchanga mbichi, kwenye kona isiyofikiwa na jua. Kuna watu walisema hiyo ni ushamba. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto halisi la kambi ya Dadaab, kule Kenya. Insulini zilizokaa wiki nne kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 hazikupoteza nguvu. Mtungi wa mama ni wa baridi kuliko hapo.

Mashine tunazo mbili. Ile ya zamani imefungwa uzi mwekundu, ni ya Watasema. Mpya ni ya mama. Visindano havichanganywi, hata vya mama na vya mgeni havichanganywi.

BUKU SABA KWA SIKU MOJA

Sasa hela. Stripu moja huku inatucheza kama buku hivi. Dokta alitaka mwezi wa kwanza tumpime kila asubuhi, na mara moja kwa wiki tufanye ile siku ndefu: unapima kabla ya sindano, halafu kila baada ya saa mbili mpaka jioni, uone sukari inashuka kiasi gani na inafika chini kabisa saa ngapi. Hesabu mwenyewe: saa kumi na mbili, mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Stripu saba, buku saba, siku moja. Mwezi ule mbwa alikula zaidi ya boksi zima la stripu hamsini.

Yule mama jirani asiye na breki alikuja akasimama katikati ya uwanja, akasema mbele ya watu: "Kuna watoto wa watu wanakosa dawa, nyie mnamchoma mbwa. Mungu anawaona." Wadau, nilikosa la kusema, kwa sababu alichosema si uongo. Wapo watu wanaokosa. Mimi mwenyewe nimekaa kliniki na mama, nikamwona mzee akirudishiwa cheti mkononi kwa sababu hela haikutosha. Buku ni buku, iwe sikioni kwa mbwa au kidoleni kwa mtu.

Aliyejibu ni mama, usiku, kwangu mimi. Alisema, "Sikiliza mwanangu. Shamba hili wezi hawajaingia miaka saba, na sijawahi kulipa mlinzi. Mshahara wake ndiyo huo anaukula sasa. Lakini siku hela ikibaki ya mmoja tu, ni ya kwangu. Usije ukanipunja mimi ukampa mbwa kwa huruma zako, na usije ukanificha." Tukakubaliana hivyo. Baada ya mwezi wa kwanza dokta naye akatupunguzia: mara mbili kwa wiki, na siku ndefu mara moja kwa mwezi. Lengo letu siyo namba ya mbwa mzima. Sehemu kubwa ya siku ikibaki chini ya 14 hivi na isishuke chini ya 4, dokta anaridhika.

USIKU WA ASALI

Ile "chini ya 4" tuliijua mwezi wa tatu. Watasema alikula vizuri, akachomwa, nusu saa baadaye akatapika chakula chote. Sindano ilishaingia, chakula kimetoka. Saa mbili usiku akaanza kutetemeka, akasimama akayumba kama mlevi, miguu ya nyuma ikamkataa. 2.6.

Hapa kwetu kuna mali moja ambayo Dar mnanunua kwa kuibembeleza: asali ya porini, ya nyuki wa miombo. Mama alikuja na chupa, akachovya kidole, akampaka kwenye fizi na ndani ya shavu. Humwagii mbwa aliyelegea asali kooni, itampalia. Unapaka kidogokidogo. Baada ya dakika kumi nikapima, 3.4. Asali tena. 5.1. Akainua kichwa, akalamba kidole cha mama, halafu akalamba chupa. Tulimpa uji kidogo, tukamlinda mpaka asubuhi tukipima kila baada ya muda. Usiku ule uliteketeza stripu tisa na sijawahi kuzionea uchungu. Dokta tulimpigia, akashusha dozi.

MTU MAARUFU

Haya, mliokuwa mnamsubiri. Kuna MC mmoja hapa Mpanda, wa harusi, send-off na matamasha. Mkimwona mtamjua, sauti yake mtaijua hata gizani. Alisikia habari za mbwa mwenye sukari akaja Jumapili moja na simu yake, anataka kurekodi kichekesho cha kuweka status. Kamwamkia mama vizuri, "Shikamoo mama", "Marahaba", akapewa kiti.

Mimi niliona alivyokonda. Nyote mliona, maana chini ya picha zake mlikuwa mnaandika. "Kaisha." "Kaungua huyu." "Mwenye macho haambiwi tazama." Kamati mbili za harusi zilimrudishia namba kimya kimya na kumchukua mwingine. Aliniambia baadaye kwamba alipima virusi mara tatu, mara zote hana, lakini utaandikaje jambo kama hilo ukaaminiwa? Akiweka majibu watu watasema kahonga maabara.

Alikaa kwetu saa moja. Katika hiyo saa moja alimaliza chupa yake ya maji ya lita moja na nusu, akaomba maji ya mtungini, akaomba tena, na akaenda chooni mara tatu. Mama alikuwa anachambua mchele, hajainua uso. Akasema, "Mwanangu, mbona unakunywa maji kama Watasema?"

MC alicheka ile cheko yake ya kazini. Halafu akaona mimi na mama hatucheki. Simu yake ilikuwa bado inarekodi, akaizima.

Nilimpima kwa mashine ya mama. 21.8. Kwa mtu mwenye dalili, 11.1 kwenda juu wakati wowote wa siku inatosha kumpeleka hospitali bila kusubiri. Aliiangalia ile namba, akauliza kama mashine haijachanganywa na ya mbwa. Nikamwonyesha uzi mwekundu. Akaomba nirudie, nikarudia kidole kingine, 21.5. Akainama akaweka uso viganjani. Watasema akaenda akalaza kichwa mapajani kwake na kumletea sikio, kwa sababu kwake yeye mashine ikitoka maana yake ni dagaa. MC akalia mbele yetu kama mtoto.

Alichosema akishatulia sitakisahau: "Kwa hiyo nina ugonjwa. Asante Mungu." Alikuwa ameishi miezi mitano akidhani ni laana, au vipimo vya virusi vinamdanganya. Mama alimwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho asubuhi uende, usile kitu." Alienda, wakathibitisha, akaanzishiwa matibabu, akaacha zile soda na vinywaji vya nguvu alivyokuwa anashushia jukwaani kila usiku. Mwili umeanza kurudi.

Bado hajasema hadharani. Anaogopa mkisikia sukari mtahamia kwenye neno lingine, kwamba mwanaume kaisha kazi. Ameniruhusu niandike bila jina, kwa sharti nisitaje hata rangi ya pikipiki yake. Nami nina ombi moja kwenu. Ukiona mtu amekonda na unamjua, mwulize anakunywa maji kiasi gani, anaamka usiku mara ngapi. Hilo linaweza kumpeleka kupima. "Kaungua" haijawahi kumpeleka mtu kokote, zaidi ya chumbani kujifungia.

Baada yake walikuja wengine, wengi jioni, kwa kisingizio cha kumwona mbwa. Mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, alishazunguka kwa waganga wawili. Namba yake ilikuwa 19.3, sasa anaenda kliniki na kidonda kinafunga. Yule mama jirani asiye na breki naye alikuja, amejitanda kanga mpaka puani. 5.2, mzima kabisa. Alicheza pale barazani, na kabla hajaondoka alimrushia Watasema kipande cha samaki. Hakuomba radhi, hatukumdai. Kila mgeni namwambia mimi ni msusi tu, mashine ya nyumbani inakushtua, hospitali ndiyo inakuambia. Stripu wengi wanakuja nazo au wanaacha buku. MC alileta maboksi mawili na kukataa kushukuriwa.

ALIPO SASA

Watasema amefungwa kizazi, dokta alimfanyia kazi hiyo na sindano ya insulini ikapungua. Uzito umerudi. Macho hayakurudi. Mbwa wengi wenye sukari hupata mtoto wa jicho, na yake yamekuwa meupe kama maziwa yaliyoganda. Haoni. Lakini anaijua njia ya shamba kwa pua, anaijua pikipiki ya MC kwa mlio, na mwezi uliopita alibweka usiku mpaka vijana wawili wakaacha magunia yetu njiani wakakimbia. Mshahara wake halali.

Kuna siku nafikiri itafika ile hali mama aliyoitaja, hela ya mmoja tu. Nimeshaambiwa nifanye nini na nitafanya. Kwa sasa kila Jumapili jioni tunapima wote pamoja barazani, namba zinaingia kwenye daftari moja lenye safu tatu.

Jumapili iliyopita: mama 8.1, MC 7.4, Watasema 11.2. Kwenye kopo zimebaki stripu kumi na tisa, na mwezi bado una siku kumi na mbili.